Hata Chura Kapanda Ndege

Pasipoti ninayo. Tuanze na hilo, maana kuna watu hapa mtaani wakiniona na yeboyebo zangu wanadhani sina. Ninayo. Ipo kabatini, chini ya khanga za mama watoto, ndani ya mfuko wa plastiki, ile mifuko iliyopigwa marufuku 2019, isije ikaingia unyevu. Mpya kabisa. Haina muhuri hata mmoja. Niliihangaikia baada ya binamu yangu aliyeko ng'ambo kuniandikia barua ya mwaliko. Nikaenda nayo ubalozi mmoja hivi, siutaji, nisije nikachafua uhusiano wa mataifa. Nimepanga foleni tangu alfajiri, nina suti ya kuazima, jasho linanitoka. Dada wa dirishani akaniuliza swali moja tu: una kitu gani huku kwenu kitakachokufanya urudi? Nikawaza. Nikawaza tena. Nikamjibu, nina madeni.

Basi. Pasipoti ikarudi kabatini, suti ikarudi kwa mwenyewe. Tangu hapo mwisho wangu Chalinze, na huko nako nilipelekwa na msiba.

Nakueleza haya mapema ujue kidonda kiko wapi, maana Jumamosi moja hivi karibuni nimetoneshwa. Na walionitonesha si watu, bwana. Ni majani, ni ndege, ni wadudu, na chura mmoja ambaye hata kidole gumba changu kinamzidi.

Shuleni kwa binti yangu, darasa la tano, ilikuja karatasi. Watoto watakwenda matembezi ya kutazama mimea na viumbe wadogo kwenye kinamasi, bonde la Mto Mzinga, kule Kongowe. Anahitajika mzazi wa kusindikiza. Sasa mzazi, kwa hesabu za kawaida, nyumbani kwangu wapo wawili. Lakini likija suala la kupigwa picha na cheti, mzazi ni mama watoto. Likija la mchango, mzazi ni mimi. Likija la matope, mzazi ni mimi tena. Karatasi niliikuta imeshasainiwa. Jina langu, sahihi yake. Nikamwambia mama watoto, Jumamosi Yanga inacheza. Akaniambia, Yanga wamo kumi na mmoja, hawatakosa mtu.

Karatasi iliagiza: viatu vya matope, kofia, maji ya kunywa, daftari, na moyo wa kudadisi. Maji nilinunua. Kofia niliazima. Moyo wa kudadisi nilikuwa nao mpaka nilipoambiwa nauli ya bajaji ni juu yangu. Viatu vya matope ndiyo sina. Nina raba. Nyeupe. Za mtumba, lakini mtumba wa daraja la kwanza, nilizozichagua mwenyewe sokoni Karume kwa ajili ya harusi ya shemeji. Mama watoto akasema, kwani matope yana nini, si utafua? Kasema utafua. Hakusema nitafua. Nikavaa raba.

Tulipofika, bondeni kulikuwa na kijana mmoja mtaalamu wa viumbe. Mwembamba, darubini shingoni, mabuti ya mpira hadi magotini. Anaongea kwa kunong'ona, utadhani tumekuja kumwona mgonjwa. Pembeni yake mwalimu wa zamu, mwenye kipara kinachong'aa, shabiki wa Simba wa kutupwa. Huyu mwalimu nakuomba umweke akilini. Atarudi.

Kijana akaanza. Jamani, hapa mnapopaona si jalala. Hapa ni kiwanda. Mvua ikishuka huko juu, maji yanafika hapa na kasi zake zote, yanakutana na matete, yanapunguza mwendo, tope linatua chini, maji mengine yanazama ardhini kwenda kwenye visima vyenu, na yanayobaki yanakwenda baharini yametulia. Ukikifukia kinamasi ukajenga nyumba, maji hayafutiki. Yanakuja sebuleni kumtafuta aliyeyahamisha.

Watoto wote wakaandika. Mimi nikatazama mbali. Chumba ninachopanga kiko bondeni. Mwenye nyumba alinipandishia kodi mwaka jana akisema upande ule una upepo mzuri.

Halafu likaja zoezi la majani. Kijana akaninyooshea kidole mbele ya watoto thelathini. Baba, hili hapa ni jani gani? Nikalitazama. Nikamjibu, majani. Akasema, sawa, majani gani? Nikamwambia, mabichi. Watoto wakacheka mpaka mmoja akaangusha kalamu majini.

Naomba nieleweke. Mimi elimu yangu ya mimea iko wazi na haijawahi kuniangusha. Kuna mchicha, kuna matembele, kuna kisamvu, kuna mnafu. Vinavyobaki ni majani. Kikiliwa kina jina, kisipoliwa ni majani. Kwenye wadudu hivyohivyo: kuna mbu, kuna mende, kuna nzi, kuna kunguni, na wengine wote ni mdudu. Kwa mfumo huu nimesoma, nimeoa, nimejenga banda la kuku. Sasa unanileta Kongowe saa mbili asubuhi unaniuliza majani gani.

Watoto ndiyo wanajua. Huku matete! Kule ndago! Yale yungiyungi! Yale magimbi, mwalimu, bibi anapika! Binti yangu akanivuta mkono, kwa huruma, akaninong'oneza: baba, ukiulizwa tena sema ndago, hapa ndago ziko nyingi, utapatia tu.

Kijana akachuchumaa penye kijani kimoja kimetambaa chini. Vijani vyake vidogo vidogo, vimepangwa viwili viwili kwenye kikonyo, na kiua cha pinki cha mviringo, laini. Akagusa kwa ncha ya kidole. Aisee. Vijani vikaanza kujifunga, jozi baada ya jozi, kutoka pale kidole kilipogusa hadi mwisho wa kikonyo, na vikishamaliza, kikonyo chenyewe kikaanguka chini. Puu. Kimekufa. Tukakaa tunakitazama. Baada ya dakika chache kikaanza kufumbua, taratibu, kinachungulia kama tumeondoka.

Ni kifauongo, watoto wakasema kwa pamoja. Kijana akaeleza kwamba hakuna uchawi. Kila kijani kina kinundu kwenye shina lake, kinundu kimejaa maji. Ukikigusa, maji yanahama upande mmoja, kijani kinakosa wa kukishikilia, kinajikunja. Mbuzi akija anaona jani limenyauka, anapita. Nikasema moyoni, ufundi huu mimi ningeuhitaji kila tarehe mosi, mwenye nyumba anapogonga.

Nikaegemeza mkono chini nikione vizuri. Kikanichoma. Kumbe kina miiba. Hilo halikuwa kwenye maelezo.

Nikauliza, huku nanyonya kidole, huu mmea wa hapahapa Pwani? Kijana akasema, hapana baba, asili yake Amerika ya kitropiki. Umetawanyika dunia nzima.

Hapo ndipo palipoanza. Jani, ndugu yangu. Jani lisilo na hata mfuko wa kuwekea pasipoti. Limetoka Amerika, limevuka bahari, limefika Kongowe, limejilaza njiani, na hakuna dada wa dirishani aliyeliuliza lina kitu gani kwao cha kulirudisha.

Tukasogea penye dimbwi. Limefunikwa majani mazito yanayong'aa, yenye vikonyo vilivyovimba hewa, na maua ya zambarau mazuri kwelikweli. Nikataka kuchuma moja nimpelekee mama watoto, ili kesi ya raba iwe nyepesi. Kijana akanizuia. Haya ni magugu maji, baba, kwao Amerika ya Kusini. Ziwa Victoria yaligunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, yakafunga bandari, yakafunga mitumbwi, samaki wakakosa hewa. Yakipata joto na uchafu wa kutosha, ndani ya wiki mbili hivi yanaweza kuwa mara mbili ya yalivyokuwa. Nikayatazama upya. Mkataba hayana. Kodi hayalipi. Ndugu wanaongezeka kila wiki mbili. Na yanaitwa maua.

Nikaona hapana, kwenye majani siwezi, ngoja nijikomboe kwenye ndege. Na Mungu si Athumani, juu ya mnazi akatua ndege ninayemjua. Namjua kwa sura, kwa sauti na kwa tabia. Nikapaza sauti kabla ya watoto: kunguru! Kunguru wetu wa Dar! Ananinyang'anya vitumbua tangu niko chekechea!

Kijana akasema, vizuri sana, baba. Roho yangu ikatulia. Halafu akaongeza: ila huyu si wetu. Ni kunguru wa Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kula uchafu wa mjini, akazaana, akavuka, akasambaa pwani yote.

Aliletwa! Umesikia? Aliletwa. Kwa mwaliko. Barua ya mwaliko ya kunguru ilikubaliwa, yangu ikakataliwa. Na yeye kazi aliyoitiwa haifanyi vizuri, kwa sababu uchafu upo na vitumbua havipo.

Akatokea mweupe pee, shingo ndefu, anatembea nyuma ya ng'ombe akiokota panzi wanaoruka. Yangeyange! Huyu wetu? Nikauliza kwa unyonge. Wetu kabisa, kijana akasema. Wa Afrika. Nikashusha pumzi. Lakini, akasema, mwishoni mwa karne ya 19 wenzake walivuka Atlantiki kwa mabawa yao, wakatua Amerika ya Kusini, wakakuta ng'ombe wapo, wakahamia. Leo wamefika mpaka Marekani na Kanada. Maana yake hawa ninaowaona Kongowe ni wale waliobaki kulea wazee. Nikamtazama yule yangeyange machoni. Akanitazama. Tukaelewana.

Kwenye tope kulikuwa na kandege kadogo, kijivu, hakatulii, mkia unapanda unashuka. Kitwitwi. Anazaliana Ulaya na Asia. Baridi ikianza kule, anakuja kwetu. Baridi ikiisha, anarudi. Kila mwaka, kwenda na kurudi, na yule hata begi hana. Sasa huyo ndiye wangemuuliza ana kitu gani cha kumrudisha. Maana mimi nina madeni, kitwitwi ana nini?

Nikapewa darubini niwatazame kwa karibu. Nikaiweka machoni. Giza tupu. Nikawaambia, jamani, macho yamekwisha. Mtoto mmoja akanyoosha mkono akatoa kifuniko. Nikageuka huku, nikageuka kule, ghafla mbele yangu kitu kikubwa, cha mviringo, cheusi, kinameremeta, kimetulia kabisa. Nikanong'ona kwa uangalifu, kama tulivyofundishwa: kifaru. Msimtishe. Kifaru akageuka akanikazia macho. Alikuwa mwalimu wa zamu.

Darubini ikachukuliwa. Wakasema na wengine wapewe nafasi.

Njia yenyewe sasa. Bonde lile lina matuta ya mchicha ya akina mama, na katikati ya matuta kuna kijia cha upana wa unyayo mmoja. Watoto wanapita wanakimbia. Kijana anapita anaelea. Mimi nina raba nyeupe. Tope la kinamasi halina papara, nikwambie. Linakupokea mguu kwa adabu. Linakusubiri uweke uzito wote. Halafu unapotaka kuondoka linakwambia, wewe nenda, kiatu kinabaki. Mguu ukatoka na soksi. Soksi yenyewe ya dole gumba nje. Watoto thelathini wana madaftari.

Mama mwenye tuta akainuka na jembe lake. Nikadhani anakuja kunisaidia. Akasema, baba, hapo ulipozama ni kitalu changu. Nimemwaga mbegu jana. Nikasema, samahani sana mama. Akanijibu, samahani haioti. Ikabidi nilipe. Ndugu msomaji, mimi ni mtu niliyenunua mafungu ya mchicha ambao bado haujaota. Baada ya malipo ndipo akaingiza jembe, akachokonoa, akaitoa raba. Nyeupe haikuwa tena. Alinikabidhi kwa kuishika kamba, mbali na mwili wake.

Na mbu nao wakaniona nimesimama kwa mguu mmoja. Nikapiga kofi kifundo cha mguu. Kijana akanikimbilia: baba, usimfute! Watoto, njooni mwone. Mnaona madoa meupe miguuni? Huyu ndiye anayeeneza dengue, iliyotusumbua Dar 2014 na tena 2019. Asili yake ni Afrika, akapanda meli karne nyingi zilizopita, akafika Amerika, leo yuko mpaka Brazil. Watoto wakainama kwenye kifundo changu wanamchora. Nikasema, jamani, wenzake bado wananinyonya. Wakaniambia nitulie, hawajamaliza miguu.

Lakini kuna kitu kimoja nilikiona pale, nikikusimulia utanielewa kwa nini sikuondoka. Kwenye bua la tete, kiasi cha shubiri moja juu ya maji, kulikuwa na kidude kimeng'ang'ania. Rangi ya chai kavu. Miguu sita imekamata bua barabara. Macho makubwa, lakini hayana kitu ndani, unaona mwanga unapita. Na mgongo umepasuka katikati, mpasuko ulionyooka, na kutoka ndani ya mpasuko vinaning'inia vinyuzi vyeupe vyembamba. Nikasema, masikini, kafa. Binti yangu akasema, hajafa baba. Kavua.

Ni ganda la mtoto wa kereng'ende. Kumbe kereng'ende, kabla hujamwona anaruka, anakaa majini, mnyama mkali, anakula viluwiluwi vya mbu na wadudu wenzake, mpaka viluwiluwi vya chura. Siku yake ikifika anapanda bua, anapasua mgongo, anajitoa, mabawa yanakauka, anaondoka. Nguo anaiacha hapohapo. Hafui mtu.

Nikainua kichwa. Juu yetu walikuwa wamejaa, wa manjano, wanazunguka bila kutua. Kijana akasema hawa wanakuja na mvua za vuli. Wanatoka wapi? nikauliza, na bora nisingeuliza. India, akasema. Yuko mwanabiolojia anaitwa Charles Anderson, aliyeishi visiwa vya Maldives. Kila mwaka aliwaona kereng'ende hawa wanatua visiwani kwa maelfu, na visiwa vile maji baridi juu ya ardhi hakuna, hawana pa kuzaliana. Akafuatilia, akaandika mwaka 2009 kwamba wanavuka Bahari ya Hindi kwa kupanda upepo, kutoka India kuja Afrika Mashariki, kisha upepo ukigeuka wanarudi. Ukizungusha safari yote ni kati ya kilomita 14,000 na 18,000. Mdudu ambaye uzito wake gramu moja haufiki.

Na huwa hamalizi mmoja, kijana akaongeza. Inachukua vizazi kama vinne. Anayeondoka ni babu, anayefika ni mjukuu au kitukuu.

Hapo nikamtazama binti yangu. Binti yangu akanitazama. Akasema, baba, basi ile pasipoti nitunzie.

Saa nne na nusu jua limekaza, nina kiatu kimoja kimelowa na kimoja kinanuka, ndipo mwalimu wa zamu alipopata alichokuwa anakitafuta tangu nimwite kifaru. Akaita kwa sauti ya gwaride: wazazi wa Yanga mko wapi? Mzazi wa Yanga nilikuwa peke yangu. Akasema, njoo mzee, umsalimie ndugu yako.

Usiyejua nikueleze. Klabu yetu iko Jangwani. Jangwani ni bonde la Mto Msimbazi. Mvua ikinyesha, uwanja wetu wa Kaunda unajaa maji. Basi watani wetu wa Simba wakatuita vyura, na jina likashika, hata vikatengenezwa vibonzo. Sasa pale juu ya jani la tete alikuwa amekaa chura. Mdogo kuliko ukucha wa dole gumba langu. Miguu ameikunja chini ya tumbo, vidole vina viduara mwishoni vya kunatia, koo linapiga harakaharaka. Na rangi yake, nakuapia, kijani, na mstari wa manjano ubavuni. Jezi ya nyumbani. Watoto wakalala chini kwa kucheka. Mwalimu akatoa simu akatupiga picha, mimi na chura. Picha ile ipo kwenye grupu la wazazi. Mpaka leo hakuna aliyeifuta.

Kijana wa darubini akataka kunitetea. Masikini, nia yake ilikuwa njema. Akasema, watoto, msimcheke chura. Tanzania tuna chura mashuhuri duniani, chura wa Kihansi. Aligunduliwa 1996 kwenye korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, penye kinamasi kidogo kinacholoweshwa na manyunyu ya maporomoko. Urefu wake haufiki sentimita 3. Duniani kote alikuwa hapo tu. Na tofauti na vyura wengi, yeye hatagi, anazaa watoto wameshakamilika. Bwawa la umeme lilipoanza mwaka 2000, maji yakahamishwa, manyunyu yakapungua. Wataalamu wakaona atakwisha. Wakachukua vyura 499, wakawapakia ndege, wakawapeleka Marekani, New York, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx.

Nikamwambia, rudia.

Akarudia. 499. Ndege. New York.

Jamani. Jamani! Hata chura? Mia nne tisini na tisa! Hakuna aliyeulizwa ana akaunti benki. Hakuna aliyeleta barua ya mwajiri. Walikaa huko wakitunzwa, wakinyunyiziwa maji na mashine, mimi maji yangu yanatoka siku mbili kwa wiki. Na 2009 ikatangazwa kwamba porini wamekwisha kabisa, kwa hiyo wale wa ng'ambo ndiyo wakawa ukoo mzima. Kijana akamalizia: 2010 mia moja wakarudishwa Dar es Salaam, wakawekwa Chuo Kikuu, na 2012 wengine wakaanza kupelekwa kwao Kihansi. Kwa hiyo chura kaenda Marekani, karudi, kapokelewa, kaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mimi chuo kile nimewahi kufika getini, kuuza karanga.

Mwalimu akacheka mpaka kipara kikatoa jasho. Akasema, unaona, mwenzenu katoboa!

Nikataka kuondoka. Kijana akasema, ngoja baba, si Kihansi tu, nchi hii ina vinamasi vikubwa. Mnaijua Ihefu?

Naijua Ihefu! Nani ananiuliza Ihefu? Novemba 2022, Mbarali. Yanga tulikuwa tumecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa na mtu. Ihefu wakatupiga mbili kwa moja. Usiku ule sikula. Nikamwambia kijana, Ihefu ilikuwa timu, na hapa si mahali pake.

Akasema kwa upole, baba, timu ilichukua jina la kinamasi. Ihefu ni kinamasi cha Usangu, Mbeya. Kiangazi, maji yake ndiyo yanayotunza uhai wa Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu ndio unaokwenda Mtera na Kidatu kuzungusha mitambo ya umeme. Maji yalipozidi kuchepushwa mashambani huko juu, tangu 1993 mto ukaanza kukauka kiangazi, viboko wakabaki kwenye madimbwi, na kwenye mabwawa maji yakapungua.

Nikakaa chini penyewe palipolowa. Yaani kinamasi kimoja. Kimenifunga uwanjani, na kikikauka kinanikatia umeme nisione marudio.

Nyumbani nilifika saa nane. Mama watoto hakuuliza habari ya safari. Alinitazama kuanzia chini, alipofika magotini akasema, hiyo suruali haiingii ndani. Nikainama. Toka kwenye pindo hadi gotini nilikuwa nimejaa vijiti vyeusi vyembamba, kila kimoja na meno mawili kwenye ncha, na kila jino na vimiiba vinavyotazama nyuma, ukivuta vinazidi kushika. Kishonanguo. Mamia. Asili yake, na sina haja ya kukwambia, Amerika ya kitropiki. Katoka huko, kafika Kongowe, kakaa pembeni ya kijia anasubiri usafiri, kaniona mimi.

Nikakaa barazani na kaptula. Redio ya jirani inatangaza mechi, umeme kwetu umekatika. Binti yangu akaja na kibanio cha nyusi cha mama yake, akawa ananyofoa kishonanguo kimoja kimoja, anakitazama kwenye jua, anakibandika daftarini kwa solotepu. Vilivyomshinda akavikung'utia uani. Juzi mwenye nyumba kapita, kakuta vimeota mstari mzima mbele ya mlango wangu, kaniuliza kama nimeanzisha shamba bila kumwambia.

Daftari limerudi kutoka shuleni. Nikalifungua nione malipo ya jasho langu. Ukurasa umepigiwa mistari vizuri, mwandiko safi, ameurithi kwa mama yake. Kichwa cha habari: Njia za Mbegu Kusafiri. Moja, upepo. Mbili, maji. Tatu, ndege. Nne, baba. Mwalimu wa zamu kaweka vema zote nne, kwa wino mwekundu, na ule wekundu wa Simba ni wa makusudi. Na pale kwenye namba nne kaongeza maneno mawili ya mkono wake: mfano hai.